DAI RISITI KABLA HUJATOA PESA
Kijitabu cha elimu kwa mnunuzi wa Kariakoo, Ilala na Posta, wakati huu hali imebana

Kwa nini tumekiandika

Malalamiko yanayotufikia yamebadilika. Zamani mnunuzi alikuja kulalamikia bei. Siku hizi anakuja na kitu kilichomfia mkononi: pasi isiyopata moto, simu isiyoshika chaji, blenda iliyoanza kunuka moto siku ya tatu. Tunamuuliza risiti iko wapi, na hapo mazungumzo yanakwama. Hana. Wala hakuipoteza. Aliikataa mwenyewe dukani, kwa hiari yake, ili apunguziwe elfu kumi.

Kijitabu hiki kina jambo hilo moja. Ushauri wa kupanga bajeti, kubana nauli au kupika maharage ya siku tatu kwa mkaa mmoja, wako wanaoutoa vizuri kuliko sisi. Sisi tunasema: dai risiti kabla hujatoa pesa. Tutalirudia mpaka ulichoke, maana tumelisema kwa miaka na bado linapuuzwa.

Tunajua pia kwamba hutuamini sana. Risiti ikitajwa, wengi wanaiona sura ya afisa wa kodi. Tangu mashine za risiti za kielektroniki, EFD, zianze kutumika nchini mwaka 2010, wananchi wamehubiriwa risiti kwa ajili ya kodi na maendeleo ya taifa. Mama mwenye elfu thelathini ya wiki nzima mkobani hana nafasi ya kulijenga taifa siku hiyo. Sawa. Tuliache taifa pembeni kidogo, tuzungumze habari ya elfu thelathini yake.

Hali ilivyo

Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 wanaukumbuka msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, foleni za sukari na sabuni, na maduka yenye rafu tupu. Wakati ule tabu ilikuwa kuipata mali. Leo mali imejaa mpaka barazani, Mtaa wa Congo hupiti bila kubanwa na mabunda ya nguo, na kinachokosekana ni pesa ya kuinunua. Korona ilikuja mwaka 2020. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000. Kisha dola, iliyokuwa kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023, ikapanda hadi kupita 2,700 mwaka uliofuata. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaagiza mzigo Guangzhou, Yiwu au Dubai, na huko hawapokei shilingi. Tofauti hiyo yote inaishia kwenye bei unayotajiwa dukani.

Mnunuzi aliyebanwa hutafuta nafuu. Hilo si kosa, tena ni akili. Kosa ni kuipokea nafuu ya aina moja tunayoieleza hapa chini.

Bei mbili

Umeulizia blenda. Kijana wa kaunta anaishusha, anaifuta vumbi, anasema: "Mama, hii na risiti ni laki moja na kumi na nane. Bila risiti nakupa laki na nane." Unapiga hesabu ya haraka. Elfu kumi ni unga na mafuta ya kupima, na nauli ya kurudi Buguruni juu. Unachukua ya bila risiti, unaondoka umefurahi.

Tufanye hesabu ambayo kijana hakukufanyia. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ni asilimia 18, kwa hiyo ndani ya bei ya 118,000 mna kodi ya shilingi 18,000. Muuzaji akiuza bila risiti, mauzo hayo hayaonekani popote. Amekurudishia 10,000, na 8,000 imebaki kwake. Wewe kwa 10,000 hiyo umemuuzia ushahidi wako wote: kwamba ulinunua, ulinunua kwake, siku gani, kwa bei gani. Hatujui biashara nyingine Kariakoo ambapo mteja anauza rahisi namna hii.

Siku ya tatu unarudi. Kaunta ina kijana mwingine. Anaigeuza blenda, anasema: "Hii siyo ya kwetu, mama. Labda frem ya pili." Frem ya pili wanakuelekeza ya kwanza. Hawajakutukana, wamekuita mama mara nne, na huna la kufanya.

Hapa watu wanatuuliza kuhusu kile kibao, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kibao hicho si sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inamlinda mlaji aliyeuziwa kitu kibovu au kisichofanana na alichoelezwa, na muuzaji hawezi kuufuta ulinzi huo kwa kuandika maneno ukutani. Ukibadili mawazo tu kwa kuwa rangi haikupendezi, hapo kibao kina nguvu na sisi hatutakusaidia. Lakini kitu kibovu ni kibovu. Shida ni moja tu: lazima uonyeshe ulikinunua wapi. Tunarudia: bila risiti una haki, ila huna pa kuishikia.

Winga

Sehemu hii isomwe na anayekuja Kariakoo mara moja moja, na hasa mgeni kutoka mkoani. Kijana anayekupokea Msimbazi na kukuuliza "unatafuta nini, bosi" mara nyingi hana duka. Ni winga. Anakwenda kuchukua mali kwenye frem ya mtu, anaweka chake juu, anakuletea. Wapo mawinga waaminifu wanaoijua Kariakoo kuliko ramani yoyote, na hatuna ugomvi na riziki yao. Lakini fahamu kwamba akishapokea pesa, winga hana anuani. Kubali akupeleke. Kisha ingia dukani mwenyewe, lipa kaunta, na risiti itoke kwenye mashine ya duka lile mbele ya macho yako. Akikwambia "kaa hapa nakuletea na risiti," usikae.

Vivyo hivyo kwa wanaouza kwa picha za simu, "tunatuma mikoani, ofisi ipo Aggrey ghorofa ya pili." Kabla ya kuthibitisha malipo ya Lipa Namba, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na jina la duka, simama uulize. Na ujumbe wa muamala si risiti. Unaonyesha kwamba pesa ilitoka kwako ikaenda kwa mtu, hausemi ulinunua nini.

Simu za mwaka 2016

Kuna waliokwisha kulisahau hili. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Watu walilala na simu, wakaamka na kipande cha plastiki. Wengi walikuwa wamezinunua kwa bei ya kutupa, bila karatasi yoyote, na hawakuwa na wa kumrudia. Namna ya kuhakiki ilikuwa imeshatangazwa miezi kadhaa kabla: piga *#06#, chukua namba inayotokea, itume kwenda 15090, soma jibu. Fanya hivyo ukiwa bado kaunta. Muuzaji anayechukia ukaguzi wa dakika moja amekwisha kukujibu.

Kwa kifaa chochote cha umeme, omba kichomekwe. Soketi ipo pale pale kaunta. Blenda izunguke, pasi ipate moto, feni ipulize kwa kasi zote tatu. Kisha dai risiti.

Risiti yenyewe

Kupewa karatasi hakutoshi. Tumeletewa risiti za kila namna, na nyingine zingechekesha kama zisingekuwa na hasara ya mtu nyuma yake. Ipo ya jana aliyopewa mteja mwingine. Ipo "risiti inayotembea," moja inayosindikiza mizigo mitano. Ipo iliyoandikwa "bidhaa" na basi. Mbaya kuliko zote ni yenye bei pungufu: umelipa 118,000, imeandikwa 20,000. Siku ya kurudishiwa pesa, utarudishiwa kilichoandikwa.

Kwa hiyo isome hapo hapo, kabla hujatoka. Jina la duka na namba ya mlipakodi, TIN. Tarehe ya leo. Jina la kitu, na modeli yake kama ipo. Kiasi chote ulicholipa. Chini kuna namba ya uhakiki na alama ya mraba ya kuskani. Ukiiskani, au ukiiingiza namba hiyo kwenye verify.tra.go.tz, risiti ya kweli hujitokeza. Isipojitokeza, rudi ndani uulize.

Jambo dogo linalowaponza wengi: karatasi ya EFD hufifia kwa joto. Ikae mwezi kwenye pochi kwa jasho la Dar es Salaam, au kwenye dashibodi ya daladala, inabaki nyeupe. Ipige picha siku ile ile. Picha isomeke mpaka namba za chini.

Mezani

Wengi waliokuwa wakila mchana kwenye migahawa ya Samora na Posta wamehamia kwa mama lishe. Hatukutumi ukamsumbue mama lishe wa Gerezani kwa habari za EFD. Kwake sahani unaiona. Wali ukipungua, nyama ikiwa vipande viwili badala ya vitatu, unamwambia hapo hapo na anakuongezea mchuzi.

Mgahawa unaotoza VAT ni habari nyingine. Mhudumu anakuletea bili kwenye kijitabu cheusi, unaweka pesa, unaondoka. Bili si risiti. Ile karatasi ni hesabu yao ya ndani. Ukiona mstari wa VAT, dai risiti ya EFD na utafute humo namba ya usajili wa VAT, yaani VRN. Asiyesajiliwa haruhusiwi kukutoza kodi hiyo, na anayekutoza bila kusajiliwa anaiweka mfukoni. Tangu Julai 2023 wanaolazimika kusajiliwa ni wenye mauzo yanayofika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kibanda cha chipsi chenye meza nne kinachokuongezea asilimia 18 kina maelezo ya kutoa.

Vigezo, kwa ufupi

Wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao ya mwaka hayafiki kiwango cha sheria hawalazimiki kuwa na mashine. Watakuandikia risiti ya mkono, nayo iwe na jina, simu na tarehe. Machinga waliohamishwa kutoka pembezoni mwa barabara Oktoba 2021 wengi wako kundi hili. Kwao nunua soksi na vikombe, usinunue simu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 imeleta VAT ya asilimia 16 kwa mnunuzi wa mwisho anayelipa kwa benki au kwa njia za kielektroniki zilizokubaliwa; masharti yake muulize muuzaji au ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Na kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, kununua bila kudai risiti ni kosa la mnunuzi pia, lenye faini. Usitegemee huruma yetu.

Kwa wafanyabiashara

Hatuwatukani. Tulikuwepo Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalipofungwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na tulikuwepo Juni 2024 yalipofungwa tena. Malalamiko ya kamatakamata na ya makadirio tunayafahamu, na mengine yana haki. Lakini ugomvi wako na mtoza kodi haumhusu mama wa Buguruni, na asilipishwe yeye kwa blenda yake. Bei ya risiti ndiyo bei. Iliyobaki haina jina zuri.

Upande wetu tumefanya kazi, na tunaisema bila haya. Tumepita mitaa kwa mitaa, tumesimama Mnazi Mmoja kwenye jua na vipaza sauti, tumeongea redioni asubuhi watu wakiwa kwenye daladala. Waliokuja na risiti mkononi, wengi wametoka na kitu kipya au pesa yao. Waliokuja mikono mitupu tumewapa pole.

Ukipata tatizo

Rudi dukani kwanza, mapema, ukiwa na kitu, boksi lake na risiti. Sema unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Wakikataa, bidhaa bandia na udanganyifu peleka FCC. Ubora na usalama wa bidhaa, Shirika la Viwango, TBS. Mizani iliyochezewa, Wakala wa Vipimo. Kunyimwa risiti, TRA. Kote huko wataanza na swali lile lile, na kote huko "niliinunua Kariakoo" haitoshi kuwa jibu.

Kijitabu hiki hutolewa bure. Ukikuta mtu anakiuza, usinunue, hata akikupa risiti.