Mimba Hutungwaje? Baba na Mama Wote Wana Sehemu



Wapendwa wasomaji, katika wodi ya wazazi huwaona akina mama wanaolia ingawa wamejifungua salama. Ukiuliza, "Mama, kulikoni?" mmoja atajibu, "Nesi, ni msichana tena. Nyumbani nitawaambia nini?" Wengine wamerudishwa kwao kwa kukosa mimba, na mume hajapimwa hata siku moja. Basi mwezi huu tujifunze jinsi mimba inavyotungwa, tuache kulaumiana bure.

1. Yai la mama
Mwanamke ana ovari mbili, kulia na kushoto kwa mji wa mimba. Kwa kawaida kila mwezi yai moja hupevuka na kutoka, yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hupokelewa na mrija wa uzazi, nalo huishi saa 12 hadi 24 tu. Siku chache kabla ya yai kutoka, ute wa ukeni huwa mwepesi na wa kuvutika, kama ute wa yai la kuku. Hiyo ni dalili ya siku za rutuba.

2. Mbegu za baba
Katika tendo la ndoa mume hutoa mbegu mamilioni. Huogelea kupita shingo ya mji wa mimba, lakini nyingi hufa njiani. Zilizo hai zaweza kumngojea yai hadi siku 5.

3. Zinapokutana
Ndani ya mrija, mbegu moja huingia katika yai. Mara ganda la yai hubadilika, na nyingine haziwezi kuingia. Yai lina kromosomu 23, mbegu nayo 23, jumla 46. Ndiyo maana mtoto hufanana na pande zote mbili. Kisha hujigawa, 2, 4, 8, huku akisafiri kwenda katika mji wa mimba. Yapata siku ya 6 huanza kujishikiza ukutani. Kanisa hutufundisha kuuheshimu uhai huu tangu kutungwa kwake.

Wapo wasemao kuwa mume ndiye mwenye mbegu na mke ni shamba tu. Sivyo. Tazama mahindi yetu hapa Kileo: vumbi la mbelewele lisipoangukia ndevu za hindi, gunzi hubaki bila punje. Pande zote mbili zinahitajika.

4. Mvulana au msichana?
Yai la mama daima huwa na kromosomu X. Mbegu ya baba huwa na X au Y. Ikiingia ya X, atazaliwa msichana. Ikiingia ya Y, mvulana. Basi mama asilaumiwe. Wala baba hachagui mbegu ipi itatangulia.

5. Mimba isipopatikana
Mkikaa mwaka mzima bila mimba, nendeni hospitali wote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi 6. Tatizo laweza kuwa mbegu chache kwa mume, au mirija iliyoziba kwa mke. Mara nyingi mirija huharibiwa na kisonono au klamidia isiyotibiwa. Anayetibiwa magonjwa hayo, mwenzake naye atibiwe.

Angalizo: mimba ikikwama katika mrija, mama anaweza kufa. Mama aliyekosa hedhi akisikia maumivu makali chini ya tumbo, au kuzimia, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asingoje asubuhi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya
1. Nani huamua kama mtoto atakuwa mvulana au msichana?
2. Mama asiye na mtoto anatendewaje katika jumuiya yetu?
3. Akina baba, mko tayari kwenda kupimwa pamoja na wake zenu?

Mungu azibariki familia zetu. Na huyo binti aliyezaliwa leo, mpokeeni kwa vigelegele.