Asteroidi Yenye Mkia: Suala la Istilahi

Aghalabu Kiswahili huyapa magimba ya angani majina kwa umbo: lenye mkia ni nyotamkia, linaloanguka likiwaka ni kimondo. Phaethon, lililogunduliwa mwaka 1983, lakoroga mpangilio huo. Ni asteroidi, mwamba wenye upana wa kilomita 5 hivi, lakini likaribiapo jua huota mkia. Nao uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mkia huo ni gesi ya sodiamu, si vumbi.

Mkia wenyewe hauonekani kwa macho matupu. Kinachoonekana Mombasa ni vumbi la kale la Phaethon, yaani vimondo vya Geminidi vya katikati ya Desemba, hasa saa nane za usiku, upande wa kaskazini. Aliye Likoni hukabili taa za kisiwani; aliye Kisauni huziacha kisogoni. (Changamwe, kwa taa za viwanda, hakufai.)

Mtazamaji huyo wa Kisauni atamwitaje mzazi wa vimondo hivyo? “Nyotamkia” huficha mwamba. “Asteroidi” peke yake huficha mkia. “Asteroidi hai”, kwa mfano wa volkano hai, yaelekea kufaa zaidi: hutaja tendo badala ya umbo, na tendo laweza kukoma kisha likarejea.