Shu yenye matundu: kwa nini dawa inakataa?



Kiangazi hiki swali ni moja kila shamba: "Dawa ni ileile ya mwaka jana, mbona vidudu havikufi?" Wengi wanasema muuzaji ameongeza maji. Inatokea. Lakini mara nyingi sababu iko mu shamba lenyewe.

Anayetoboa shu ni kiwavi cha kijani kibichi, hakifiki santimetri moja na nusu. Ukikigusa kinajinyonganyonga, kisha kinaanguka na kuning'inia ku uzi. Mama yake ni kipepeo kidogo cha rangi ya majivu, kinataga mayai ku majani. Penye joto, toka yai mpaka kipepeo ni kama wiki 2 ao 3. Kwa hiyo mu msimu mmoja wanazaliana mara nyingi. Ukipiga dawa moja kila wiki, walio zaifu wanakufa, wagumu wanabaki, na hao wagumu njo wanazaa. Mu 1953, kule Java nchini Indonesia, kiwavi hiki kilikwisha kuishinda DDT. Hata buibui na nyigu wadogo wanaokiwinda, dawa inawaua.

Basi mbele ya kubeba pompi, pita shamba kwa kukata kona, chagua shu 20, geuza majani. Ukipata viwavi ku shu 2 ao 3 tu, vitoe na mkono. Angalia sana wakati shu inaanza kufunga kichwa, sababu kiwavi kikiingia mu roho yake, soko limepotea. Matundu ku majani ya inje yasikutie wasiwasi. Mnunuzi mwenyewe anayatupa.

Vikiwa vingi, jaribu tefrosia, ule muti ambao wavuvi wanalewesha nao samaki. Yeyusha kipande cha sabuni mu lita 10 za maji, tia kilo 1 ya majani makavu yaliyotwangwa, lalisha usiku mzima, chuja vizuri. Piga magaribi, chini ya majani pia, sababu jua linaiharibu. Chombo usikioshee mtoni: inaua samaki kweli. Na ni sumu kwa mtu pia, funika pua na nawa mikono.

Kama ni dawa ya duka, heshimu siku zilizoandikwa ku etiketi mbele ya kuvuna. Kuna wanaopiga jioni na kuuza asubuhi. Hiyo ni kulisha watoto wa wenzetu sumu, na shu zingine zinabaki ku sahani zetu.

Mavuno yakiisha, ng'oa visiki vyote na kuvizika. Usipande shu mpya kando ya za zamani.

Ku mukutano unaokuja, kila mmoja alete etiketi ya dawa anayotumia, si chupa. Tutasoma pamoja jina la sumu yenyewe, lile la maandishi madogo. Chupa tatu za rangi mbalimbali zinaweza kuwa na sumu moja, na aliyebadilisha chupa hajabadilisha dawa.