Tela Lililoongezwa Urefu

Tela ni gari lisilo na injini, nalo huvutwa na motokaa au trekta. Mara nyingi lina magurudumu mawili tu, na chuma kinachoyaunganisha huitwa ekseli. Mbele lina mkono wa chuma, ambao hufungwa nyuma ya gari livutalo.

Tuseme mkulima ana tela la kuchukulia magunia, na sasa ataka kuchukua mashine ya kupukuchua mahindi, ambayo ni ndefu kuliko tela lake. Amwita fundi, amwambia, "Niongezee urefu." Fundi mwema hakimbilii msumeno. Kwanza huuliza, "Mashine hiyo ina kilo ngapi?"

Maana hesabu ni hii. Ekseli na mipira ya tela hili vilifanywa kubeba kilo 1000, wala si zaidi. Tela likiwa tupu lina kilo 300. Basi zimebaki 700 za mzigo. Fundi akiongeza vyuma na mbao za kilo 80, zabaki 620. Tazameni jambo hili: tela limekuwa refu, lakini laweza kuchukua mzigo mdogo kuliko kwanza! Ikiwa mashine ina kilo 800, sharti itiwe ekseli yenye nguvu zaidi, pamoja na springi na mipira inayolingana nayo. Huko Uingereza sheria yataka tela linalozidi kilo 750 pamoja na mzigo wake liwe na breki zake lenyewe.

Tena kuna vyuma vya sakafu. Boriti iliyoegemea ncha zake mbili ikifanywa ndefu mara mbili, na unene wake ni ule ule, mzigo ule ule katikati yake huipinda mara nane. Wengi hudhani ni mara mbili tu.

Lakini kazi ngumu hasa ni kupata mahali pa ekseli. Twaeni rula, mwiweke juu ya penseli, kisha sogezeni kijiwe juu yake huku na huku. Mtaona ncha moja ikishuka na nyingine ikipanda. Ndivyo lilivyo tela. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mkono huinua nyuma ya motokaa, na kwa mwendo wa kasi tela huyumba hata laweza kuipindua. Kwa hiyo mafundi hutaka sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote zilalie mkono. Basi sakafu ikiongezwa kwa nyuma, ekseli nayo husogezwa nyuma.

Hata tela lililopimwa vema lina hatari wakati wa kupakia. Mashine inapopanda kwa nyuma, uzito wake wote uko nyuma ya ekseli kwa kitambo, na mkono usiofungwa huruka juu ghafula, waweza kumvunja mtu taya. Kwa sababu hiyo fundi hutegemeza magogo mawili chini ya nyuma ya tela kabla mashine haijapanda, na watazamaji huambiwa wasimame mbali.