Uchaguzi wa Rais na Ushahidi wa Masinga



Katika darasa zetu twaulizwa mara kwa mara, khasa na vijana, suali hili: nchi ikishapata uhuru, watu wakapiga kura na rais akatangazwa, je, kazi si imekwisha? Suali hili si dogo, na jawabu yake haitoshi kuwa ndiyo au siyo. Basi tumeonelea tulijibu kwa mambo yaliyotukia, kwani maneno matupu hayamkinaishi mwenye akili.

Tuanze mbali. Bukhara na Samarkand ni miji tuliyoisikia tangu utoto kwa sababu ya maulamaa wake. Leo miji hiyo imo katika nchi ya Uzbekistan, iliyokuwa chini ya Warusi kisha chini ya dola ya Kisovieti. Dola hiyo ilipovunjika, Uzbekistan ilitangaza uhuru wake mwisho wa Agosti 1991, na tarehe 29 Disemba mwaka huo huo watu wakaitwa kumchagua rais. Wagombea walikuwa wawili: Islam Karimov, aliyekuwa mkuu wa chama cha Kikomunisti, na mshairi Muhammad Salih. Chama kikubwa cha upinzani, Birlik, hakikuruhusiwa kumsimamisha mtu wake. Karimov akapewa zaidi ya kura themanini katika kila mia. Mshairi yule hata miaka miwili haikutimia ila alikuwa amekwisha kimbia nchi, na Karimov akatawala mpaka alipokufa mwaka 2016. Kazakhstan jirani yao, Nursultan Nazarbayev alisimama peke yake Disemba 1991, akakaa mpaka 2019. Turkmenistan nako Saparmurat Niyazov alisimama peke yake Juni 1992, akatangaziwa kura zaidi ya tisini na tisa katika mia. Bendera zilikuwa mpya na nyimbo za taifa mpya. Wenye kuhesabu walikuwa wale wale wa zamani.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya wenzetu wa mbali. Twamkumbusha kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Disemba 1963, na ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Jomo Kenyatta, aliyekuwa waziri mkuu, akawa rais bila ya raia kuitwa kumpigia kura ya urais. Mwaka 1969 chama cha KPU kilipigwa marufuku, na Kenyatta akapita bila ya kupingwa. Kadhalika mwaka 1974. Alipokufa hapa Mombasa, Agosti 1978, alifuatwa na Daniel arap Moi, naye akapita bila ya kupingwa mwaka 1979, 1983 na 1988. Mwaka 1982 katiba ilibadilishwa ikawa KANU ndicho chama pekee, na kifungo hicho hakikuondolewa ila Disemba 1991. Kura ya kwanza ya urais yenye wagombea wa kushindana ilipigwa tarehe 29 Disemba 1992, mwaka mmoja kamili baada ya ile ya Uzbekistan. Hesabu yake ni nyepesi: mtu aliyezaliwa siku ya uhuru alikuwa na umri wa miaka 29 alipopata mara ya kwanza karatasi ya kumchagua mmoja na kumwacha mwingine kwa kiti cha urais.

Hata hapo kazi haikwisha. Mwaka huo Moi alishinda kwa kura thelathini na sita hivi katika mia, kwa kuwa wapinzani wake waligawana zilizobaki. Na baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 watu zaidi ya elfu moja walipoteza roho zao, na sababu kubwa ni kwamba wengi hawakuiamini hesabu iliyotoka Nairobi. Basi kupiga kura ni jambo moja, na kura kuhesabiwa mbele ya mashahidi ni jambo jingine.

Sasa twende Masinga. Masinga ni moja katika majimbo manane ya uchaguzi ya Machakos, huko Ukambani. Wengi wetu twaijua kwa bwawa lake lililomalizika mwaka 1981 katika mto Tana, mto ule ule unaoingia baharini kwetu Kipini. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, na mvua yake ni chache. Mtu wa Ekalakala au wa Kivaa huenda kituoni alfajiri, kituo chenyewe aghlabu ni chumba cha skuli. Jioni milango hufungwa na kura huhesabiwa papo hapo, mawakala wa wagombea wakitazama. Matokeo huandikwa katika fomu ya 34A, mawakala wakaitia sahihi, na nakala ikabandikwa kituoni ili kila mpita njia aisome. Kisha fomu za vituo vyote hukusanywa jimboni.

Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilihukumu kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa jimboni ni ya mwisho. Mkubwa aliyeko Nairobi kazi yake ni kujumlisha, si kugeuza. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa rais, kwa sababu namna ya kuyapeleka matokeo haikufuata katiba na sheria. Mwaka 2022 fomu za 34A za vituo zaidi ya elfu arubaini na sita ziliwekwa wazi, mtu yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Washindani wawili wakuu walitofautiana kwa chini ya kura mbili katika mia, na kesi ikaamuliwa mahakamani, si barabarani.

Faida ya somo ni hii. Nguvu ya uchaguzi wa rais haiko katika jumba kubwa la Nairobi. Iko katika karatasi ile ya Masinga iliyobandikwa mlangoni, na katika macho ya walioiona ikiandikwa. Kura ni ushahidi, na hesabu ya kura ni amana. Ushahidi usiotolewa haumfai mtu, na amana isiyolindwa huliwa.

Na hapa twasema maneno machungu kwa watu wetu wa miji ya pwani. Wako wasemao urais ni mambo ya bara. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya walioandikishwa Mombasa hawakwenda kupiga kura. Karatasi ya mkulima wa Masinga na karatasi ya tajiri wa Mombasa zina uzito mmoja, lakini iliyo sandukuni huhesabiwa na iliyobaki nyumbani haihesabiwi. Mtu hawezi kunyamaza siku ya ushahidi, kisha akalalamika siku ya hukumu.

Masuala ya kuzungumzwa darasa ijayo:

1. Kwa nini kuwa na wagombea wengi hakutoshi, ikiwa mwenye kuhesabu ni mmoja?
2. Ni nani katika mtaa wetu aliye tayari kukaa kituoni mpaka kura ya mwisho ihesabiwe?
3. Asiyepiga kura kwa kukata tamaa, amemdhuru nani?