Mkate wa nyama ya nguruwe: nyama iive, mafuta yasiwake



Katika Ujerumani, kwa wauza nyama, kwa waoka mikate na hata kwenye stasio ya treni, watu wananunua Schnitzelbrötchen. Ni kipande chembamba cha nyama ya nguruwe, kimevikwa unga, yai na mkate uliosagwa, kikakarangwa na kutiwa ndani ya mkate mdogo. Mama anaweza kukipika nyumbani. Lakini adui wawili wanamngoja: nyama mbichi na mafuta ya moto.

ADUI WA KWANZA: NYAMA ISIYOIVA

Wajerumani walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1860 mganga Friedrich Zenker wa Dresden alionyesha kwamba trikina, mdudu mdogo sana wa ndani ya nyama ya nguruwe, anaweza kuua mtu. Mwaka 1865, kijijini Hedersleben, watu zaidi ya 300 waliugua na karibu 100 walikufa kwa kula nyama mbichi yenye mdudu huyo.

Kwetu Kongo tumwogope zaidi tegu. Nguruwe anayetembea ovyo na kula choo cha watu anameza mayai ya tegu. Mtu akila nyama yake isiyoiva, tegu anakomaa tumboni mwake. Kisha mayai yanatoka na choo cha mtu huyo. Yakifika kinywani kwa mikono michafu, watoto wa tegu wanaweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa, hata kwa mtoto asiyekula nguruwe kamwe.

Basi: nunua nyama iliyopimwa. Ukiona ndani yake vifuko vyeupe kama punje za mchele, usinunue. Jenga choo, funga nguruwe, nawa mikono kwa sabuni.

NAMNA YA KUPIKA (watu 4)

1. Kata vipande 4 vya nyama isiyo na mfupa. Vipige mpaka unene uwe nusu sentimetre. Nyama nyembamba inaiva upesi hata katikati.
2. Tia chumvi na pilipili manga.
3. Pitisha kila kipande katika unga wa ngano, kisha katika mayai 2 yaliyopigwa, kisha katika mkate mkavu uliotwangwa. Usikandamize.
4. Karanga dakika 3 kila upande. Kata kimoja katikati: kama kuna wekundu, rudisha motoni.
5. Tia ndani ya mkate pamoja na saladi iliyooshwa kwa maji safi, mutarde au ndimu.

Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata mkate.

ADUI WA PILI: MAFUTA

Mafuta yasipite nusu ya sufuria. Mbabula isimame imara, mbali na njia ya watoto, na mkono wa sufuria usielekee nje. Tupa chembe ya mkate: ikichemka pale pale, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi, yamepita kiasi. Ondoa sufuria polepole. Usiache mafuta motoni ukaenda kuongea na jirani.

Mafuta yakiwaka, USITIE MAJI. Maji yanageuka mvuke mara moja na kurusha moto mpaka darini. Funika sufuria kwa kifuniko, zima jiko kama unaweza kulifikia, usibebe sufuria, ngoja ipoe.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa, au kikiwa usoni, peleka dispanseri.

KWA ANAYEPELEKA KAZINI

Acha nyama ipoe kidogo, funga vizuri, kula kabla ya saa 2 kupita. Ndani ya mgodi kuna joto, na nyama inaharibika upesi.

MAULIZO YA NYUMBANI

Mtoto asiyekula nguruwe anapataje ugonjwa wa tegu? Mafuta yakiwaka, tunashika nini kwanza? Ulizaneni mezani usiku huu. Kifuniko kikae karibu na jiko siku zote, si kabatini.