Sanduku Si Letu: Jinsi ya Kuweka Nakala ya Barua Pepe za Jumuiya



Ndugu msomaji, makala haya nayaandika kwanza kukiri kosa. Mwaka jana nilikuwa katibu wa jumuiya yetu hapa Kampala, na kwa mkono wangu mwenyewe nilifuta barua pepe za miaka mitatu. Nilizifuta kwa sababu nilikuwa na yakini kwamba nakala ninayo. Nayaandika ili kiongozi atakayekuja, na kila mwanafunzi anayetunza barua zake za masomo kwenye Gmail, Yahoo au anwani ya chuo, asifanye kama nilivyofanya.

Ilivyotokea

Sanduku la jumuiya liko Gmail. Nafasi ya bure ni GB 15, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na barua, picha na mafaili ya Google Drive. Mwezi wa Agosti ilijaa. Watu walikuwa wanatuandikia na barua zao zinarudi. Nikakaa jioni moja, nikapanga barua kwa ukubwa, nikafuta zote za zamani zenye viambatisho. Moyo wangu ulikuwa umetulia, maana kwenye kompyuta ya ofisi tulikuwa na Thunderbird, programu ya bure ya kusomea barua pepe, na barua zote zilionekana humo. Nikasema, hata nikifuta huku, kule zipo.

Novemba, ikiwa imebaki wiki moja mitihani ianze, akaja dada mmoja wa mwaka wa tatu, mwenyeji wa Bujumbura. Ofisi ya fedha ilimnyima kibali cha mtihani. Kwa mujibu wao, ada ya muhula wa pili wa mwaka uliopita haikulipwa yote. Sisi tulijua imelipwa: mfadhili, ndugu aliyesoma hapa na sasa anafanya kazi Muscat, aliilipa benki kwa jina lake na akatutumia risiti kwa barua pepe. Nikamwambia dada, “Usijali, dakika tano tu.”

Nikafungua sanduku, risiti haimo. Nikafungua Thunderbird kwenye kompyuta ya ofisi, haimo pia. Folda ni zile zile, lakini barua nilizozifuta Agosti zilikuwa zimeondoka huko vilevile. Nikaangalia kwenye takataka za Gmail. Barua iliyofutwa hukaa humo siku 30 kisha huondolewa kabisa, na mimi nilikuwa nimechelewa karibu miezi mitatu. Tukamwandikia mfadhili, alikuwa safarini, hakujibu. Dada alikaa kwenye kiti cha ofisi yetu, hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kwa nini nakala yangu haikuwa nakala

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Barua pepe unayoisoma kwenye kivinjari haiko kwenye kompyuta yako. Iko kwenye seva ya kampuni, na wewe unaitazama kwa mbali. Programu kama Thunderbird inaweza kuifikia seva hiyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza huitwa POP. Toleo lake la tatu, POP3, ndilo linalotumika hadi leo, na lilianza mwaka 1988. POP huchukua barua kutoka kwenye seva na kuzileta kwako, kama mtu aendaye posta na kurudi na bahasha mkononi. Usipoiambia iache nakala kwenye seva, huenda ikaziondoa kule.

Njia ya pili huitwa IMAP, na iliasisiwa mwaka 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford. IMAP hufanya kazi kama kioo. Ukisoma barua kwenye simu, kompyuta nayo itaonyesha imesomwa. Ukiipeleka kwenye folda nyingine, itahama kila mahali. Na ukiifuta upande mmoja, itafutika pande zote mara programu itakapokutana na seva. Ukiweka akaunti kwenye Thunderbird bila kubadilisha chochote, kwa kawaida itatumia IMAP.

Kwa hiyo kompyuta ya ofisi ilikuwa inaonyesha kilichomo kwenye seva, basi. Nilipofuta seva, kioo nacho kikawa kitupu.

Tulivyookolewa

Usiku ule nilimkumbuka dada aliyekuwa mweka hazina kabla yetu. Alikuwa amemaliza masomo na kurudi kwao Jinja. Yeye naye alikuwa na sanduku la jumuiya kwenye Thunderbird ya laptop yake. Nikampigia. Akaniambia laptop ile imeharibika betri, hajaiwasha tangu Julai.

Nikamwambia, “Dada, nakuomba usiiwashe. Na ukiiwasha, usiiunganishe na intaneti.”

Sababu ni hii: Thunderbird, usipobadilisha mpangilio wake, huhifadhi barua za IMAP zote ndani ya kompyuta ili uweze kuzisoma hata bila mtandao. Laptop iliyolala tangu Julai ilikuwa haijapata habari kwamba Agosti nilifuta. Ingeunganishwa kwa dakika chache tu, ingepata habari hizo na kufuta kama nyingine.

Alikuja kesho yake kwa teksi na laptop yake mfukoni, Mungu amlipe kheri. Tulizima Wi-Fi kwanza, ndipo tukafungua Thunderbird. Barua zote za miaka mitatu zilikuwepo. Tukazinakili kwenye folda za ndani ya kompyuta, tukaihifadhi ile yenye risiti kama faili peke yake, tukaipeleka kwa flashi kuchapishwa Wandegeya. Ofisi ya fedha ilikagua tarehe na namba ya malipo, ikakubali. Dada aliingia kwenye mtihani.

Hatua za kuweka nakala ya kweli

Sasa nieleze tunavyofanya siku hizi. Unahitaji kompyuta, Thunderbird, bando la kutosha, na flashi au diski ya nje.

1. Unganisha akaunti. Fungua Thunderbird, andika jina, anwani na neno la siri. Kwa Gmail itakufungulia ukurasa wa Google uingie na kutoa ruhusa. Kwa anwani nyingine, programu ikishindwa kujipanga yenyewe, ulizia jina la seva. Namba ya mlango kwa IMAP salama ni 993 na kwa POP salama ni 995.

2. Subiri barua zishuke zote. Sanduku kubwa linaweza kuchukua saa nyingi, na kiambatisho kinaposafiri kwa barua pepe huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi moja. Sisi huanza usiku na kuiacha ikishusha hadi asubuhi.

3. Tengeneza folda nje ya akaunti. Upande wa kushoto, chini ya akaunti zako, kuna sehemu iliyoandikwa Local Folders. Hizo ni folda zilizo ndani ya kompyuta yako tu. Seva haizijui na haiwezi kuzigusa. Hatua hii ndiyo mimi niliyoikosa.

4. Nakili, usihamishe. Chagua barua, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kunakili kwenda kwenye folda hiyo ya ndani. Ukichagua kuhamisha, barua zitatoka kwenye seva. Kwa Gmail, barua moja yenye lebo mbili huonekana kwenye folda mbili, kwa hiyo ukinakili kila folda utapata marudio. Folda ya barua zote inatosha, kwani ina kila kitu isipokuwa barua taka na zilizofutwa.

5. Funga programu, kisha chukua folda nzima ya Thunderbird. Kwenye Linux inaitwa .thunderbird na imo ndani ya folda yako ya nyumbani. Kwenye Windows imo ndani ya AppData, kisha Roaming. Inakili yote kwenye flashi au diski. Usinakili programu ikiwa wazi, faili linaweza kukatika katikati.

6. Jaribu. Peleka nakala kwenye kompyuta nyingine, zima intaneti, fungua barua ya zamani yenye kiambatisho. Kiambatisho kikifunguka, nakala unayo. Kisipofunguka, afadhali umejua leo kuliko siku ya mtihani.

Kupanga ili upate unachokitafuta

Nakala isiyopangwa ni kama kabati la ofisi lililotupiwa karatasi. Sisi tulianza kwa miaka: 2022, 2023, 2024. Ndani ya kila mwaka tukaweka folda nne: Ada na Michango, Uongozi, Chuo, na Mawaidha na Semina. Tulijaribu kuwa na folda ishirini, na kila mtu akawa anaweka barua anapoona yeye. Nne zinatosha, kwa sababu Thunderbird ina sehemu ya kutafutia kwa jina, tarehe au neno.

Kazi ya kupanga unaweza kuiachia programu. Weka vichujio: barua yoyote kutoka benki, au yenye neno “ada” kwenye kichwa chake, inakiliwe kwenye Ada na Michango. Pia andika kichwa cha barua kinachoeleweka. “Salaam” si kichwa. “Risiti ya ada, muhula wa 2” ni kichwa.

Kugawa kwa miaka kuna faida nyingine. Kwa kawaida Thunderbird huweka folda nzima ya barua ndani ya faili moja kubwa. Flashi nyingi za madukani huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Ukiacha barua zote kwenye folda moja, siku moja utashangaa flashi ya GB 32 inakataa faili lako wakati ina nafasi tele. Gawa kwa miaka, na kila faili litabaki dogo.

Faili hizo ni maandishi ya kawaida. Hata Thunderbird isipokuwepo, programu nyingine nyingi za barua huweza kuzisoma. Hiyo ni heri, lakini pia ni hatari.

Siri za watu

Kwenye sanduku la jumuiya kuna mambo mazito. Kuna aliyeandika kwamba hajala siku mbili. Kuna aliyeomba msaada wa ada na kutaja hali ya wazazi wake. Barua hizi zikiwa kwenye flashi, yeyote atakayeiokota hosteli anaweza kuzisoma. Neno kuu la siri la Thunderbird hulinda maneno ya siri yaliyohifadhiwa tu, halilindi barua zenyewe. Kwa hiyo funga diski nzima kwa BitLocker, kama Windows yako inayo, au kwa VeraCrypt ambayo ni ya bure. Neno la kuifungua liwe kwa watu wawili, amiri na katibu. Likipotea, nakala nayo imepotea.

Wewe binafsi

Usidhani haya ni ya viongozi tu. Barua ya udahili, majibizano na msimamizi wa utafiti wako, barua ya ufadhili: ziko wapi? Kama ziko kwenye anwani uliyopewa na chuo, uliza leo itafungwa lini baada ya mahafali. Na kama una akaunti binafsi ya Google uliyoitelekeza, fahamu kwamba tangu Desemba 2023 kampuni hiyo inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na barua zake.

Sisi Waislamu tumeamrishwa tuandike madeni yetu, nayo iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 282. Nilikuwa nikiisoma aya hiyo na kufikiria karatasi na wino. Siku ile dada alipokaa ofisini kwetu bila kibali, nilielewa kwamba lililoandikwa likiachwa bila kutunzwa, mwenye haki anaweza kuikosa haki yake.

Sasa jumuiya ina nakala mbili: moja kwenye kompyuta ya ofisi, nyingine kwenye diski inayokaa kwa amiri, nje ya jengo la ofisi. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi tunaongeza barua mpya, na kila muhula tunajaribu kuifungua. Siku ya kukabidhiana uongozi, diski hutolewa mbele ya kikao, hufunguliwa, na katibu mpya huchagua barua yoyote na kuisoma kichwa chake kwa sauti. Ndipo anapotia sahihi kwamba amepokea.

Ukikwama katika hatua yoyote, njoo ofisini baada ya Adhuhuri na laptop yako. Tutakaa pamoja mpaka uone barua yako imefunguka bila intaneti.

Wabillahi tawfiq.